Zimeni Spika, Bibi Anaomboleza

Wiki hii nimeulizwa mara tatu, na watu watatu tofauti, kama niko salama. Kisa ni simu yangu. Badala ya Bongo Fleva, kwenye hedifoni kuna bwana mmoja anaimba peke yake, hana gitaa, hana ngoma, hana hata wa kumwitikia. Wimbo wenyewe ni wa msiba, umetoka kusini mwa Ufaransa, na anayeliliwa humo alikufa mwaka 1199. Jamaa yangu mmoja alijaribu kuusikiliza kwa nusu dakika, akazitoa hedifoni sikioni, akasema: "Kaka, sasa hapa ngoma inaingia saa ngapi?"

Haiingii. Ngoja nieleze basi, maana ninachotaka kusema leo kinaanzia Ufaransa lakini kinatuhusu sisi wa hapa Nyasura.

Aliyekufa ni Richard, mfalme wa Uingereza, yule aliyepewa jina la Moyo wa Simba. Alikuwa ameizingira ngome moja ndogo huko Châlus, akapigwa mshale begani, jeraha likaoza, akafariki tarehe 6 Aprili. Mshairi Gaucelm Faidit, mmoja wa wale watunzi-waimbaji wa kusini walioitwa trubaduri, akamtungia mbolezi kwa Kioksitani, lugha ya kwao. (Mliosoma fasihi simulizi neno mbolezi mnalikumbuka: wimbo wa kuomboleza. Walimu walitufundisha, tukajibu mtihani, tukalisahau.) Mashairi ya trubaduri yaliyobaki ni kama 2,500, na yaliyobaki pamoja na sauti zake ni takriban moja tu kati ya kumi. Huu umo. Kuna watu walikaa na kalamu wakaandika sauti inapanda wapi na inashuka wapi. Mwendo hawakuandika. Kwa hiyo waimbaji wa leo wanakisia: mmoja anakwenda polepole kama anabeba jeneza, mwingine anaongea zaidi kuliko kuimba. Nimesikiliza wote wawili YouTube na nampenda huyu anayeongea.

Dakika ya kwanza utachoka, sikudanganyi. Sikio la mjini linasubiri kitu kianze. Dakika ya pili linakata tamaa. Baada ya hapo, kama hujazima, unaanza kusikia vitu ambavyo kwenye muziki wa kawaida vimefunikwa: mtu anavuta pumzi, neno linakatika kabla ya mwisho, sauti inaanzia juu na kuteremka, inafika chini, inapumua, inapanda tena. Ukiimba na kwaya, sauti yako ikikwama jirani anakubeba. Huyu akikwama tutajua wote.

Kilichonishika zaidi ni maneno. Nilitafuta tafsiri nikaisoma huku nasikiliza. Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo labda ndiyo maana niliona nilichokiona: yule bwana anatoa taarifa. Anaanza kwa kusema amepata kazi ngumu, kutangaza kwa wimbo hasara kubwa kuliko zote. Anamtaja aliyekufa kwa jina na cheo. Anasema mtu wa namna hii hajaonekana kwa miaka elfu, anamlinganisha na Aleksanda, Karolo Mkuu na Arthur. (Chumvi ipo, kwenye msiba gani haipo?) Halafu anamgeukia marehemu mwenyewe na kumuuliza: haya, umeondoka, sasa wale waliokuwa wanakula kwako watakuwaje? Nani atawapa? Mwishoni ndipo anamwombea kwa Mungu.

Nani amekufa, alikuwa nani, ameacha pengo gani, nani ameumia. Taarifa kamili, tena ndani yake kuna swali gumu. Na swali hilo linaulizwa hadharani, mbele ya watu ambao kesho watagombea mali na madaraka.

Sasa njoo Nyasura.

Kwa msiofahamu, Nyasura ni kata ndani ya mji wa Bunda, mkoa wa Mara. Hapa wapo Wajita, Waikizu, Wasukuma, Wakurya, Wajaluo, Wakerewe, Wazanaki na wengine wengi, kwa hiyo msiba wetu unaendeshwa kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. Ni jambo zuri, sina ugomvi nalo. Maturubai yanafungwa, viti vya plastiki vinapangwa, daftari la rambirambi linawekwa mezani, spika mbili zinasimamishwa pembeni, na anakuwepo MC. Ratiba inachapwa.

Miezi michache iliyopita tulimzika kijana mmoja dereva wa bodaboda. Aligongwa usiku kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Wasifu wake ulisomwa kwa dakika nne: amezaliwa, amesoma, "alikuwa mjasiriamali", ameugua hapana, amefariki kwa ajali, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Watu wakakaa kimya cha heshima. Wengine tulikuwa tunaangalia simu.

Ndipo akafika mama yake mkubwa, bibi wa miaka sabini na kitu, katoka upande wa ziwani na gari lilikuwa limewaharibikia njiani. Hakwenda kukaa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jeneza, akafunga khanga kiunoni, akaanza. Kwa Kijita. Peke yake.

Kijita changu ni cha kuombea maji. Lakini hata kabla ya kuelewa neno moja, niliona simu zinarudi mifukoni. Sauti ilianzia juu, ikateremka, ikafika chini, ikavuta pumzi. Mzee aliyekaa karibu nami akaanza kunitafsiria taratibu bila hata kuombwa, nadhani na yeye alihitaji kuyasema.

Bibi alimwita kijana kwa jina la utotoni ambalo wengi pale hatukuwahi kulisikia. Akamkumbusha kwamba alipougua surua ni yeye aliyembeba mgongoni hadi kwenye dawa. Akamuuliza kwa nini amemtangulia na alijua kabisa zamu ilikuwa ya nani. Halafu akaingia mahali ambapo wasifu haukuingia. Akasema: wewe ulikuwa na pikipiki ya mkataba. Umebakiza miezi miwili iwe yako. Ulikuwa unalala saa tatu kwa usiku ili upate hesabu ya tajiri. Nilikwambia, mwanangu, lala. Ukasema, mama, nikilala hesabu haitimii. Leo umelala. Hesabu ataimalizia nani?

Mzee aliyekuwa ananitafsiria akanyamaza hapo. Nikageuka kuangalia upande wa mwembe, ambako wengi walikuwa wamegeukia. Mwenye pikipiki alikuwa amesimama pale na miwani yake ya jua.

Sisemi kwamba tajiri yule aliua mtu. Mikataba ya bodaboda iko hivyo mji mzima, na anayetaka kuijua amuulize dereva yeyote stendi: unaleta kiasi fulani kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na ukikwama unaongeza usiku. Ninachosema ni kwamba habari kubwa kuliko zote za msiba ule, sababu iliyomweka yule kijana barabarani usiku wa manane, haikuwemo kwenye karatasi yoyote. Aliitoa bibi, kwa wimbo, akiwa amesimama mahali pekee ambapo hakuna mtu anayeweza kumwambia "mama hayo tuyazungumze faragha".

Au tulidhani hakuna. MC alichukua kipaza sauti akasema: "Mama, tunakushukuru sana, tumwachie Mungu, ratiba inatubana." Spika zikafunguliwa, wimbo wa injili ukaingia kwa kishindo, na akina mama wawili wakamshika bibi mabega kwa upole wakampeleka ndani. Upole ulikuwa wa kweli. Kwa nia walimsitiri. Kwa matokeo walimzima.

Hapo ndipo ninapotaka tubishane, wadau. Sisi tuliosoma ndio tunaochapa ratiba hizi. Sisi ndio tunaoona haya bibi akianza "kupiga kelele" mbele ya wageni kutoka ofisini. Na sisi hao hao, mtu akitutumia kiungo cha mbolezi ya karne ya 12, tunavaa hedifoni, tunafumba macho, tunaandika chini yake kwamba tumeguswa. Nimewaona. Kwa nini ya Ufaransa ni sanaa na ya bibi ni kelele? Zote ni sauti moja, zote zinasimulia aliyekufa, zote zinauliza nani atalipa. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Richard hana mwenye pikipiki aliyesimama chini ya mwembe. Mbolezi ya mbali haimgusi mtu tunayemjua.

Kuwanyamazisha waombolezaji hakukuanza na ma-MC wa Bunda, jamani. Solon, yule mtunga sheria wa Athene, mwanzoni mwa karne ya 6 kabla ya Kristo aliweka sheria za kuwabana wanawake msibani: wasijikwaruze nyuso, wasiimbe mbolezi zilizotungwa. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba hofu ilikuwa visasi, kwamba mama akiimba vizuri jina la aliyemuua mwanawe, vijana wa ukoo hawalali. Mwishoni mwa karne ya 4 baada ya Kristo, Yohane Krisostomo alihubiri kwa ukali dhidi ya Wakristo waliokodi wanawake wa kuomboleza. Uislamu nao umekataza kuomboleza kwa kupiga mayowe na kujipiga, ingawa machozi haujayakataza. Sina ugomvi na padri, mchungaji wala shehe. Wanataka mfiwa asikate tamaa na Mungu, naelewa. Lakini yule bibi hakukufuru hata mara moja. Hakumuuliza Mungu chochote. Alimuuliza marehemu, na kupitia marehemu alituuliza sisi. Kumwambia "tumwachie Mungu" ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Kuna watakaosema namkuza bibi, kwamba vilio vingine ni maigizo, kwamba wapo wanaolia kwa macho makavu huku pua iko kwenye sufuria. Wapo, nawajua na mimi. Ila Faidit naye hakuwa ndugu wa Richard. Alikuwa msanii aliyeishi kwa fadhili za wakubwa, na sehemu ya uchungu wake bila shaka ni uchungu wa mtu aliyepoteza mfadhili. Mbona wimbo haujaharibika? Anayeomboleza anafanya kazi, kama anavyofanya kazi anayechimba kaburi, na hakuna anayemuuliza mchimba kaburi kama ana huzuni ya kutosha.

Wengine watasema: mbona misiba yetu ina nyimbo tele? Ni kweli. Mwalimu alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama tarehe 23, nchi nzima iliimbiwa na makwaya, na nyimbo za maombolezo za marehemu Kapteni John Komba wengine mpaka leo tukizisikia tunarudi mwezi ule. Nazipenda. Lakini kwaya inaimba kitu ambacho wote tunakubaliana nacho. Imefanya mazoezi, imevaa sare. Haiwezi kukwambia hesabu ya tajiri ilikuwa shilingi ngapi.

Na sisi wanahabari ndio wabaya zaidi. Kumbukeni kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafa. Ukerewe ni jirani zetu kabisa, unapanda kivuko Kisorya unashukia Rugezi. Akina mama waliosimama ufukweni siku zile walikuwa wanaomboleza kwa maneno, wala haikuwa kulia tu. Angalia video za habari za siku zile. Mama anafungua mdomo, sauti yake inapunguzwa, na juu yake inawekwa ya mtangazaji anayesema "vilio na simanzi vimetanda". Tumepunguza taarifa ili tutangaze kwamba kuna taarifa. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza: yule mama anasema nini?

Wakubwa wetu waliuliza. Henry Owuor Anyumba wa Kenya, ambaye mwaka 1968 aliandika pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong kutaka Idara ya Kiingereza pale chuoni Nairobi ifutwe, mwaka 1964 alikuwa tayari ameandika kuhusu nyimbo za maombolezo za Wajaluo zinazoimbwa na mpiga nyatiti, ule uzeze wa nyuzi nane. Okot p'Bitek wa Uganda, katika kitabu chake Horn of My Love cha mwaka 1974, aliweka mbolezi za Waacholi pamoja na nyimbo zao nyingine, kwa Kiacholi na kwa Kiingereza, akizichukulia kuwa ni ushairi sawa na ushairi wowote. Wajaluo wako hapa hapa mkoani, Rorya wamejaa, na Nyasura tunapanga nao nyumba moja. Kijita, Kiikizu na Kizanaki wanamngoja Anyumba wao. Chuo kikuu kina vijana wangapi kutoka Mara wanaotafuta mada ya tasnifu?

Ila kabla hujachomoa simu: usimwekee bibi kamera usoni akiwa juu ya jeneza. Siku ya msiba ni ya kusikiliza. Nenda baada ya matanga, baada ya arobaini, na sukari mkononi. Muulize alijifunza kwa nani, maneno gani ni ya zamani na yapi aliyatunga palepale, na je, anaruhusu uyarekodi? Akikataa, amekataa. Wale wa Ufaransa wanakisia mwendo wa wimbo kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Sisi wa kumuuliza yupo, anaishi kilomita chache kutoka lami, na ana miaka sabini na kitu.

Mimi nilikwenda. Sitaandika hapa yote aliyoniambia, mengine aliniambia kama mjukuu. Nitasema moja tu kwa ruhusa yake. Nilimuuliza kama alikasirika alipokatishwa. Akasema hakukasirika, ila alikuwa hajamaliza. Alikuwa bado hajafika kwenye sehemu ya kumuaga. Alimlaumu kijana kwa kuondoka, akataja deni, na kabla hajamwambia "nenda salama" wakamshika mabega. Anasema maneno yale ya mwisho bado anayo, hajui ayapeleke wapi.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha mazishi ya jirani yetu mwingine, na kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kuandika", nikapewa kazi ya kuandaa ratiba. Kati ya wasifu na kuaga mwili nikaweka robo saa, nikaandika: "Akina mama. Spika zizimwe."

Mwenyekiti wa kamati akasoma, akavua miwani. "Akina mama wa kwaya?"

"Hapana, mzee. Akina mama."

"Robo saa nzima?"

Nikamwambia nusu saa ingekuwa bora zaidi. Akatazamana na mweka hazina, akaondoa salamu za wawakilishi wawili wa ofisi, akaiacha.